Let's Get Free ya dead prez: uzoefu wangu

Mdogo wangu ndiye aliyenisikilizisha albamu hii ya dead prez, kundi la hip hop la Marekani. Alikuwa ametoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, ana miezi miwili bila unga, tumekaa barazani kwa mama, Tanga. Akanipa upande mmoja wa hedifoni: "Dada, msikilize huyu mzee kwanza."

Mzee mwenyewe ni Omali Yeshitela, mwanaharakati Mweusi wa Marekani. Sauti yake ndiyo inayofungua albamu, kabla wawili wa kundi, stic.man na M-1, hawajachana. Anasimulia mbwamwitu anavyowindwa: kisu kikali kinachomekwa kwenye barafu, kimepakwa damu. Mnyama anakuja, analamba, anajikata ulimi. Damu inazidi kutoka, naye anazidi kulamba kwa utamu, kumbe anakunywa damu yake mwenyewe mpaka anakufa. Ndivyo ilivyofanywa, anasema, kokeini ya kreki ilipoingizwa mitaa ya Weusi Marekani.

Mdogo wangu hakuniangalia. Nimemwita teja mara nyingi, mbele za watu, na sikuwahi kujiuliza kisu kile kilichomekwa na nani.

Albamu ni ya mwaka 2000, lakini mdundo wa "Hip Hop" haujachakaa hata kidogo. Tafuta spika yenye besi nzito. Mimi narudia zaidi "Behind Enemy Lines". Kuna mtoto anaitwa Khadijah, jina la nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wakati huo baba yake alikuwa jela. Baba huyo ni Fred Hampton Jr., mtoto wa yule Fred Hampton wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Weusi, aliyepigwa risasi na polisi alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969 huko Chicago, akiwa na miaka 21. Mapambano ya vizazi vitatu yanaingia kwenye shauku ya binti anayehesabu siku baba atoke. Hapo nililia.

M-1 alipitia harakati za Yeshitela, na harakati hizo zinaitwa Uhuru, kwa Kiswahili hikihiki. Ukijua hilo, "I'm a African" unaisikia kama salamu kutoka kwa ndugu.

Nisichokubaliana nacho ni "They Schools". Naelewa hasira yao kwa shule inayomfundisha mtoto Mweusi historia ya watu wengine, lakini mama alikaanga mandazi miaka mingi tupate ada, na wimbo ule hauachi nafasi kwa mama kama huyo. Sauti za wanawake nazo ni chache mno kwa albamu ya ukombozi. Matusi yapo, usiipige watoto wakiwepo.

"Be Healthy" nilidhani nitairuka: wanaharakati wanaimba mboga na matunda! Mdogo wangu ndiyo aliyoikariri yote. Siku hizi hali sembe, anamwomba mama dona, na jioni anakimbia hadi Raskazone na kurudi, hedifoni masikioni.