Eleanor & Park: mapenzi niliyouziwa Kibuye bila mwisho

Nianze na ukurasa wa mwisho, kwa sababu sikuupata. Kitabu nilikinunua soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja kabla ya mvua, kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai. Alianzia mia tatu, tukavutana mpaka mia moja na hamsini. Nilikuwa namtafutia binti yangu wa kidato cha pili kitu cha kusoma likizoni. Jalada zima, kurasa safi, nikakitia kikapuni pamoja na omena. Nani hukagua kitabu kwa nyuma?

Binti hakukigusa. Aliyenaswa ni mimi.

Rainbow Rowell ameiweka hadithi yake Omaha, Marekani, mwaka wa 1986. Eleanor, msichana mwenye nywele nyekundu na nguo za ajabuajabu, anapanda basi la shule akiwa mgeni na hakuna anayempisha. Park, ambaye mamake ni Mkorea, anamwambia akae, tena kwa ukali. Siku nyingi wanakaa bubu. Kisha Park anagundua kwamba mwenzake anachungulia vitabu vyake vya katuni, naye anaanza kuvifungua wazi zaidi na kuchelewa kugeuza ukurasa ili amngoje. Basi, ni hilo tu. Na mimi, mama wa watoto watatu, nikapitishwa Kondele nikiwa nimeinamia kitabu, nikashtukia kondakta anaita Mamboleo.

Halafu kuna betri. Park anataka kumpa kanda za muziki, kumbe Eleanor hana betri za kuzisikilizia. Nilifunga kitabu kwanza nikacheka peke yangu. Miaka hiyohiyo sisi tulikuwa tunaanika betri juani ili redio ifikishe taarifa ya habari ya jioni, na kanda tulizirudisha nyuma kwa kalamu ya bairo. Mvulana wa kukuletea betri mpya! Angepewa kiti sebuleni, na kuku angekimbizwa.

Si kitabu cha sukari tupu, wazazi mjue. Baba wa kambo wa Eleanor ni katili, nyumba haina hata mlango wa bafu, na matusi yamo. Kiingereza cha kuvunjikavunjika alichopewa mamake Park pia kilinikera kidogo. Lakini nilisamehe yote, maana nilikuwa nakimbilia mwisho. Eleanor anatoroka, Park anamwendesha hadi kwa mjomba Minnesota, miezi inapita, msichana haandiki barua. Park anaandika, hajibiwi. Nageuza ukurasa, nakuta jalada. Karatasi imenyofolewa, imebaki gundi.

Jumapili iliyofuata nilirudi.

“Kaka, hiki kitabu hakina mwisho.”

Hata hakuinua kichwa. “Mama, kwa mia moja na hamsini ulitaka na harusi?”

Vijana wa viatu pale kando wakaangua kicheko. Akaongeza, “Na hicho si ni cha watoto wa sekondari? Mama mzima!”

Hapo mori ukanipanda. Nilimjibu maneno ambayo mtu aliyetoka kanisani saa hiyohiyo hafai kuyajua. Pesa hakurudisha, pole hakusema. Msinunue kwake. Msinunue na hicho kitabu, kwa nini mjitafutie presha? Karatasi yangu najua iko Kondele mahali imefungiwa njugu.

Mwalimu mwenzangu akanihurumia, akanitumia picha ya ukurasa huo kwa simu. Nikajifungia chumbani. Eleanor hatimaye ameleta postikadi. Ina maneno matatu. Ni maneno gani? Hayatajwi! Yaani nimechekwa sokoni kwa ajili ya maneno ambayo hata mwenye kitabu kizima hapewi. Nikasema nyota moja, na hiyo moja ni ya betri.

Lakini usiku sikulala, nahesabu. Wengi wanaamini msichana amekiri mapenzi. Sawa, kwa Kiingereza yanatimia matatu. Kwetu nakupenda ni neno moja, na kwa Kijaluo aheri ni moja vilevile. Kwa hiyo sisi inabidi tumtafutie Eleanor maneno mengine, na kila niliyojaribu yalizidi au yalipungua. “Nimekukumbuka sana” nikaliacha, halina chumvi, na tena ni mawili. Kufika alfajiri nilikuwa nimepandisha nyota hadi nne. Ya tano ameila yule wa turubai.

Binti naye, aliposikia nimegombana na mtu Kibuye kwa sababu ya kitabu, akakichukua. Alikimaliza kwa siku mbili, na ile picha nikampa. Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza anadhani postikadi ilisema nini.

“Leta betri nyingine,” akasema, akiendelea kusugua sufuria.