Miwani ya kusomea ya +1.50: uzoefu wangu hapa Dodoma

Kama umevuka miaka 40 na ukishika kitabu usiku unakisogeza mbali mpaka mkono unaishia, kapime macho, ununue miwani ya kusomea. Ya kwangu, namba +1.50, imenirudishia jioni zangu. Sijui kitu kingine cha Sh 35,000 kilichowahi kunipa raha ya namna hii.

Kazi yangu ni mafaili, huko Mji wa Serikali Mtumba. Kutwa nasoma barua, mihtasari na miongozo, na kusoma huko hakumpumzishi mtu. Kinachonipumzisha ni riwaya, nikiisoma barazani kwetu Kisasa baada ya chakula cha usiku, miguu juu ya kigoda, bila kalamu mkononi, bila mtu wa kuniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Aya ikiwa tamu nairudia. Usingizi ukija nafunga kitabu. Lakini herufi zilianza kunikatalia, hasa kwenye vitabu vya zamani vya Kiswahili, vile vyenye karatasi iliyopauka na maandishi yaliyobanana. Kurasa chache tu kichwa kinagonga. Nikiacha kitabu nikashika simu, herufi zake naweza kuzikuza, ila simu haimwachi mtu apumzike: ujumbe wa kamati ya harusi unaingia, wa kikoba unafuata.

Nilipima kwenye duka la miwani katikati ya mji, si mbali na Nyerere Square. Kijana aliyenipima alikuwa mpole sana. Alinipa kadi ya maandishi, akaniambia, "Mama, ishike pale unapopenda kushika kitabu, halafu soma mstari wa chini bila kukunja uso." Akapima kwa rula kutoka jichoni hadi kwenye kadi: sentimita 40. Hilo lilinifurahisha, maana alijali hata jinsi ninavyokaa ninaposoma. Lenzi ya +1.00 iliacha ukungu kwenye herufi. Ya +2.00 ilizikuza, lakini ikanilazimu kuvuta kadi karibu na pua. Ya +1.50 ikazituliza zote. Nilipomuuliza, "Mwanangu, kwani macho yangu yanaumwa?" akanieleza kwamba ndani ya jicho mna lenzi ambayo ujanani ni laini, inajibinua yenyewe mtu akitazama karibu. Umri ukisogea inakakamaa. Si ugonjwa, humpata kila mtu.

Zipo miwani za kusomea zinazouzwa barabarani kwa bei ya chini zaidi, na sizibezi. Kwa mtu ambaye macho yake yote mawili yako sawa, zinasaidia. Ila zile zina namba moja kulia na kushoto, na watu wengi macho yao hayalingani. Kubwa zaidi, anayechagua kwa kujaribu-jaribu hachunguzwi. Presha ya macho huiba uoni polepole bila maumivu yoyote, na kisukari nacho huharibu jicho kwa ndani. Kapimwe kwanza, hata kama baadaye utanunua ya barabarani.

Kasoro zipo. Ukiinua uso kutazama mbali, kila kitu ni ukungu. Mtu akisimama getini nami nimeivaa, simtambui mpaka niishushe puani. Kwa hiyo usiendeshe gari nayo wala usishuke nayo ngazi. Na vumbi letu la kiangazi, upepo ukianza kuvuma, ni adui wa lenzi za plastiki. Ukifuta kwa khanga kavu, chembe za mchanga zinaacha mikwaruzo. Mimi naisuuza kwanza kwa maji na tone la sabuni ya maji, ndipo nafuta kwa kitambaa laini kilichokuja na kasha lake.

Taa nzuri bado inahitajika. Miwani haileti mwanga. Lakini taa ikiwepo, nasoma sura nzima bila kukunja kipaji cha uso, mabega yakiwa yameshuka, na nalala bila kichwa kuniuma. Mume wangu ameshaanza kuiazima, nami nimemwambia akapime yake, namba zetu si moja.

Anayevaa tayari miwani ya kuonea mbali asinunue hii juu juu. Aulize lenzi zenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusomea. Mimi nitarudi kupima baada ya mwaka au miwili, kwa kuwa namba hii huendelea kupanda kidogo kidogo hadi kwenye miaka ya sitini.