Umemaliza tamthilia, sasa ununue kitabu kipi?

Tamthilia ya fantasia au ya sayansi ya kubuni ikikukolea, kinachofuata ni kutafuta kitabu chake, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji anakuwekea mbele seti nzima yenye sura za waigizaji jaladani, nawe hujui kama hadithi yenyewe ilishamalizwa kuandikwa. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: kitabu kitakupa nini ambacho skrini haikukupa? Umaarufu sikuujali.

Nafasi ya kwanza naipa The Expanse bila kusita. James S. A. Corey anayetajwa jaladani ni jina la kalamu la watu wawili, Daniel Abraham na Ty Franck. Riwaya ziko 9, ya kwanza Leviathan Wakes (2011) na ya mwisho Leviathan Falls (2021), na kisa kimefungwa vizuri. Tamthilia ilidumu misimu 6, kuanzia 2015 hadi 2022, ikaishia takriban pale kinapoishia kitabu cha sita. Kwa hiyo kuna riwaya tatu nzima ambazo hazijaonyeshwa popote, na ndizo zinazojibu swali kubwa la hadithi: waliotengeneza yale malango ya angani walipatwa na nini?

Utashawishika kuruka moja kwa moja hadi kitabu cha saba, Persepolis Rising. Inawezekana, maana kinaanza miongo kadhaa baadaye. Lakini ujue kwamba Drummer wa kwenye skrini ni mchanganyiko wa wahusika kadhaa wa vitabuni, na kuna mtu uliyemlilia katika msimu wa tano ambaye vitabuni yu hai na ana kazi nyingi mbele yake. Mimi ningeanza na cha kwanza. Na vile vipande vya sayari ya Laconia vilivyofungua sehemu za msimu wa sita, vikakuacha unajikuna kichwa, vinatoka katika hadithi fupi iliyomo ndani ya Memory's Legion (2022). Huo mkusanyiko ununue mwisho.

Ya pili ni trilojia ya Liu Cixin wa China inayoanza na The Three-Body Problem. Tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu ilitoka 2014, na mwaka uliofuata ikawa riwaya ya kwanza ya kutafsiriwa kushinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora. Hapa uamuzi wako unategemea ulitazama ipi. Tamthilia ya Kichina ya 2023, yenye sehemu 30, inakifuata kitabu cha kwanza hatua kwa hatua. Kama umeimaliza, chukua The Dark Forest moja kwa moja. Ile ya Netflix ya 2024 ina sehemu 8 tu, na imechota watu na matukio kutoka vitabu vyote vitatu, ikawafanya wahusika wakuu kuwa kundi la marafiki waliosoma Oxford. Kundi hilo vitabuni halipo, kwa hiyo anza mwanzo kabisa. Nikuonye mapema: wahusika wa Liu ni wembamba, wengine wanasimama tu kubeba hoja. Hoja zenyewe, hata hivyo, zitakunyima usingizi.

Ya tatu, His Dark Materials ya Philip Pullman, ndiyo salama kuliko zote kwa mwenye bajeti ndogo. Vitabu vitatu, misimu mitatu, hadithi imekwisha, na yapo matoleo yenye vyote vitatu katika juzuu moja. Mtego ni mmoja: kitabu cha kwanza kinaitwa Northern Lights Uingereza na The Golden Compass Marekani. Ni kitabu kilekile, na wapo wanaokinunua mara mbili wakidhani wamepata mwendelezo. Faida ya kusoma ni wale viumbe-roho wenye umbo la wanyama, ambao kila mtu ana wake. Kwenye skrini umati wa watu mara nyingi hupita bila wanyama wao. Kwenye kurasa hawaachani kamwe, na ndiyo maana kuwatenganisha kunatisha.

The Witcher ya Mpolandi Andrzej Sapkowski naiweka ya nne, na ushauri wake ni wa mpangilio tu. Usianze na Blood of Elves hata kama imeandikwa kwamba ndiyo riwaya ya kwanza. Anza na mikusanyo miwili ya hadithi fupi, The Last Wish kisha Sword of Destiny, maana humo ndimo Geralt anapokutana na Yennefer, halafu na Ciri. Mkanganyiko ulitokana na wachapishaji wa Kiingereza, waliotoa Blood of Elves mwaka 2008 na kuuchelewesha mkusanyo wa pili hadi 2015. Usipopenda The Last Wish, achana na zilizobaki.

Ya tano ni Silo ya Hugh Howey: Wool, Shift, Dust, basi. Misimu miwili ya kwanza imekula Wool, kwa hiyo aliyeitazama anaweza kuanzia Shift, inayorudi nyuma kueleza yale maghala ya chini ya ardhi wanamoishi watu yalijengwa na nani.

Sasa Game of Thrones. Najua wengi mngeiweka juu, na kwa uandishi ni kweli George R. R. Martin anawapita wengi wa hapo juu. Ila kati ya vitabu 7 alivyokusudia, vimetoka 5, na cha tano ni cha 2011. Atakayenunua akitafuta mwisho mwingine badala ule wa tamthilia wa 2019 hataupata. Angalia pia matoleo ya Uingereza ya jalada laini: A Storm of Swords na A Dance with Dragons kila kimoja kimegawanywa mara mbili, hivyo vitabu vitano vinakuwa saba rafuni. Na aliyevutwa na House of the Dragon ajue kwamba Fire & Blood imeandikwa kama kitabu cha historia, si riwaya.

Foundation ya Isaac Asimov ni ya saba, kwa sababu tamthilia na vitabu vinafanana majina zaidi ya mambo. Ukipenda majadiliano kuliko mapigano, nunua.

The Wheel of Time, kwa kipimo changu, ingestahili kupanda: tamthilia ilikatishwa 2025 baada ya misimu mitatu, na vitabu 14 vimekamilika, vitatu vya mwisho vikimaliziwa na Brandon Sanderson baada ya Robert Jordan kufariki 2007. Lakini kumi na nne! Nunua The Eye of the World peke yake, uone.

Kwa mashabiki wa The Rings of Power: mtaambiwa mnunue The Silmarillion. Waandaaji hawakuwa na haki za kitabu hicho. Waliegemea zaidi viambatisho vilivyo mwishoni mwa The Lord of the Rings. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za nyuma uhakikishe toleo lako linavyo.