Ereta ya mapanga ya hosipawa 1: inamfaa nani, na kwa nini wengine huiacha

Ereta ni mashine ya kuingiza oksijeni kwenye maji ya bwawa la samaki. Umbo lake ni rahisi: maboya ya plastiki, mota ya kilowati 0.75, gia boksi inayopunguza mzunguko hadi kama 100 kwa dakika, na magurudumu ya mapanga yanayochapa maji na kuyarusha juu. Matone hurudi bwawani yakiwa yamebeba oksijeni, na mkondo wa maji huisambaza. Kazi hiyo inaiweza vizuri. Wafugaji wanaoinunua kisha wakaiacha stoo msimu unaofuata mara nyingi walishindwa na hesabu ya chakula au na umeme. Mashine yenyewe haikuwa na ubaya.

Anza na chakula, acha kwanza idadi ya samaki. Bwawa lisilo na ereta huhimili takriban kilo 30 hadi 50 za chakula kwa hekta kwa siku. Kwenye mita za mraba 1,000, hizo ni kilo 3 hadi 5. Anayelisha kilo 2 ataona tofauti kwenye bili ya umeme tu, na ana haki ya kuikataa. Anayelisha kilo 8 anaihitaji kweli, maana mabaki, kinyesi na mwani vinagombania oksijeni na samaki usiku kucha. Kwa makadirio ya kawaida, hosipawa 1 hubeba kilo 400 hadi 500 za samaki. Mfugaji wa kambare hana haraka hiyo: kambare mkubwa huvuta hewa juu ya maji, ila vifaranga wake bado hawawezi.

Saa za kuiwasha ndizo zinazokosewa zaidi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni hadi izidi kiasi ambacho maji yanaweza kushika, na mapanga yakizunguka wakati huo huitoa ile ya ziada ikapotelea hewani. Upungufu huanza usiku na kufikia kilele karibu na alfajiri. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sato hula kidogo na kukua polepole hata kama hakuna aliyekufa. Tega taima iwashe saa nne usiku na kuzima jua likishachomoza. Saa 9 za kazi ni karibu uniti 7, na zaidi kidogo kwa kuwa mota hupoteza umeme.

Hapo ndipo sola inapowaangusha watu. Paneli bila betri huiendesha mchana, yaani wakati ambao bwawa halina shida. Betri za kuibeba usiku mzima zinaweza kugharimu kuliko mashine yenyewe, na muuzaji asiyekwambia hilo hakutendei haki.

Kwenye ufungaji, mapanga yazame kama sentimita 10. Yakizidi hapo mota hubeba mzigo mkubwa, hupata moto na kuungua. Maji yawe na kina cha mita 1 au zaidi, na mkondo uelekezwe kwenye urefu wa bwawa, usipige ukingo, la sivyo udongo utamomonyoka na maji kuchafuka. Funga kamba pande zote mbili kwenye vigingi. Waya wa milimita 1.5 za mraba kwa umbali wa mita 150 hupoteza karibu volti 20 mashine ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka hupoteza zaidi, kwa hiyo mota hunguruma bila kuzunguka. Weka waya mnene. Weka pia swichi inayokata umeme unaovuja, na mtu asiingie majini kabla ereta haijazimwa. Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za waya mbili.

Kagua oili ya gia boksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili, ule mpira wa kuyazuia: badilisha sili na oili kabla meno ya gia hayajaliwa. Kabla ya kununua, uliza sili, beringi na mapanga ya akiba yanapatikana wapi. Kama jibu halipo, usinunue.

Hatari kubwa huja baada ya mafanikio. Ukishapandikiza samaki kwa kutegemea ereta, umeme ukikatika saa tisa usiku unaweza kupoteza bwawa zima kabla ya kupambazuka. Kuwe na jenereta inayojaribiwa kila wiki na king'ora cha kumwamsha mlinzi. Bwawa linalohitaji hosipawa 2 lipewe mashine mbili za hosipawa 1, kila moja na waya wake na swichi yake.