Samaki na chipsi za bandarini Whitby

Duka ninalolizungumzia liko Pier Road, mjini Whitby, katika pwani ya Yorkshire, Uingereza, upande wa magharibi wa mlango wa mto Esk. Huuza kwa dirishani tu, kwa hiyo mteja hana pa kukaa isipokuwa mabenchi ya gatini yanayotazama magofu ya abasia, yaani makao ya kale ya watawa, juu ya jabali la ng'ambo. Barabara hiyo ina maduka kadhaa ya samaki na chipsi, na nimelipenda hili kwa sababu samaki hukaangwa mteja akisubiri, badala ya kupangwa mapema katika kabati la joto. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mlo huu.

Samaki ni hadoki, ambaye watu wa Yorkshire humpendelea na ambaye wapishi wao humchuna ngozi kabla ya kumkaanga. Mgeni asidhani kwamba ametoka katika boti zilizofungwa hapo mbele, kwani wavuvi wa Whitby siku hizi hutegemea zaidi kambakoche na kaa, ilhali hadoki wa madukani mara nyingi huvuliwa mbali kaskazini, katika bahari za Norwe na Aislandi, na kugandishwa melini muda mfupi baada ya kuvuliwa. Sioni kasoro katika hilo. Nyama ilikuwa nyeupe na yenye majimaji, ikiachana mapande mapana kwa kuguswa na uma wa mbao, wala haikuwa na harufu ya samaki aliyelala.

Msomaji wa Mombasa anayejua viazi karai ataelewa upesi upishi wenyewe: samaki huchovywa katika rojo la unga wa ngano na kutumbukizwa katika mafuta ya moto, rojo likawa ganda, naye akaiva ndani kwa mvuke wa maji yake mwenyewe. Hapa, hata hivyo, rojo halitiwi bizari wala pilipili, na ladha hutegemea mafuta. Desturi ya Yorkshire ni kukaangia shahamu ya ng'ombe, ambayo hulipa ganda ukavu, rangi ya dhahabu iliyokoza na uzito wa ladha ambao sijaupata katika samaki waliokaangwa kwa mafuta ya mimea. Ganda la duka hili lilikuwa jembamba, likivunjika kwa sauti, na halikuacha mafuta midomoni.

Kwa sababu hiyo hiyo, Muislamu inampasa kuuliza kabla ya kulipa. Samaki ni halali, lakini shahamu ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria si halali, tena baadhi ya wapishi hutia bia katika rojo, na chipsi nazo huingia katika mafuta yale yale. Mhudumu nilipomuuliza alijibu waziwazi, bila kuona swali ni usumbufu: wanatumia shahamu, hawatii bia. Asiyekula shahamu atafute duka linalotangaza kwamba hukaangia mafuta ya mimea.

Chipsi ndizo zilizonivunja moyo. Zimekatwa nene, kama inavyostahili, kwa kuwa kipande kinene hunywa mafuta kidogo na kubaki laini kama unga ndani; lakini zilitiwa chini ya samaki katika boksi lililofunikwa, na mvuke ukazilegeza kabla sijafika benchini. Ni vyema mteja aombe boksi lisifunikwe. Siki ya kimea cha shayiri, iliyonyunyizwa kwa ukarimu, ilizifaa kuliko sosi ya nyanya, ingawa kwa samaki niliendelea kuitamani ndimu, ambayo haikuwapo kabisa. Njegere zilizopondwa ni za kuagizwa bila kusita: hukaushwa, zikalowekwa usiku kucha pamoja na magadi, kisha zikachemshwa mpaka zikawa uji mzito, na upole wake hupunguza uzito wa vitu vya kukaanga.

Mlo uliwe papo hapo, mteja akiwa ameupa ukuta mgongo, kwa sababu shakwe wa Whitby hunyakua chakula mkononi. Kipimo cha kawaida ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Kile kidogo kinamshibisha mtu mzima.