Stardew Valley: zawadi zinavyohesabiwa kwa pointi

Katika gemu hii ya ukulima iliyotoka 2016, kila mwanakijiji ana vyake anavyovipenda na vinavyomkera, na hesabu yake ni ya wazi. Zawadi anayoipenda sana huongeza pointi 80, anayoipenda tu 45, ya kawaida 20. Asiyoipenda hupunguza 20, anayoichukia 40. Moyo mmoja, yaani kipimo cha urafiki, ni pointi 250. Unaruhusiwa kumpa kila mmoja zawadi moja kwa siku, mbili kwa wiki, na hesabu huanza upya Jumapili.

Siku ya kuzaliwa pointi huzidishwa mara 8: ile 80 inakuwa 640, mioyo miwili na ushee! Ukimpa anachokichukia, unapoteza 320 kwa mpigo mmoja.

Chukua Abigail. Anapenda sana maboga, na siku yake ni tarehe 13 ya msimu wa mavuno (Fall). Boga huchukua siku 13 kukomaa, kwa hiyo lililopandwa tarehe 1 huvunwa tarehe 14, umechelewa kwa siku moja tu. Weka mbolea ya kuharakisha siku ya kupanda, au mpe amethisto, jiwe la thamani ambalo nalo analipenda sana.

Kinachovutia zaidi ni kwamba ladha ya mtu hushinda kanuni ya jumla. Karibu wote hufurahia mguu wa sungura, lakini Penny anauchukia.

Kasoro ni moja: menyu huonyesha ladha ya mtu baada ya kumpa kitu, kwa hiyo mgeni hujifunza kwa kuudhi watu.