Maktaba ya kidijitali ya Heidelberg: hazina isiyokushika mkono

Anayetaka historia ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, iliyokwisha kupangwa, yenye mwanzo na mwisho, hapa ataona amepotea njia. Maktaba ya chuo hicho, kupitia digi.ub.uni-heidelberg.de, haisimulii. Inakutandazia karatasi zenyewe: hati za mkono, madaftari ya usajili, ratiba za mihadhara. Huhitaji kulipa wala kujisajili. Kwa ubora wa picha na wingi wa mali, tunaipa alama za juu kabisa. Kwa kumsaidia mgeni, alama za wastani tu, na maelezo yote yapo kwa Kijerumani au Kiingereza.

Pa kuanzia ni daftari la wanafunzi, lililochapishwa na Gustav Toepke kwa jina la Matrikel. Juzuu ya 1 inaanza 1386, mwaka Ruprecht wa Kwanza, mtawala wa jimbo la Palatinate, alipokianzisha chuo, na kuishia 1553. Ya 2 inafika 1662. Wengi hufungua ya 1 na kuperuzi majina hadi macho yanauma, kwa sababu orodha imefuata vipindi vya marekta (wakuu wa chuo), si alfabeti. Fungua juzuu ya 3 kwanza. Hiyo ni faharasa ya watu na mahali, nayo itakurudisha kwenye ukurasa unaohitajika katika zile mbili za awali.

Hata hivyo faharasa nayo ina mitego. Majina yameandikwa Kilatini au kwa tahajia ya wakati ule, na mtu hutambulishwa kwa mji wake na dayosisi yake. Ukimtafuta Melanchthon, mwanamageuzi wa Kanisa, kwa jina hilo lililompa umaarufu, usishangae kutomkuta alipojisajili Oktoba 1509: alikuwa bado kijana wa ukoo wa Schwartzerdt kutoka Bretten. Schmidt anaweza kuwa Faber, Müller akawa Molitor. Jina likikugomea, tafuta kwa mji. Tarehe nazo mara nyingi ni sikukuu za watakatifu, kwa hiyo weka kalenda ya Kanisa karibu. Siku ya Mtakatifu Luka, kwa mfano, ni Oktoba 18.

Kisha utagundua pengo. Juzuu ya 4 inaanzia 1704, kwa hiyo miaka zaidi ya 40 haimo. Si kosa la tovuti. Ndani ya miaka hiyo majeshi ya Ufaransa yaliuharibu mji mwaka 1689 na kuuteketeza tena 1693. Tovuti ingeweza kuliandika hilo kwa sentensi moja pale juu, ikamwokoa mtu saa nzima ya kubonyeza huku na huku.

Sehemu inayong'aa zaidi ni hati za Bibliotheca Palatina, mkusanyiko uliounganisha vitabu vya watawala wa Palatinate, vya chuo na vya Kanisa la Roho Mtakatifu. Heidelberg ilipotekwa 1622 katika Vita vya Miaka Thelathini, Maximilian wa Bavaria alimpa Papa mali hiyo yote. Leone Allacci, mjumbe wa Papa, akaisafirisha hadi Roma kwa nyumbu kupitia milima ya Alpi, na ili kupunguza mzigo vitabu vingi vilibanduliwa majalada yake. Ndiyo maana kwenye picha utaona kurasa za kale sana zikiwa ndani ya jalada la Roma.

Ukiijua historia hiyo, namba za maktaba zinaanza kusomeka. Cpg ni kundi la hati za Kijerumani. Zilizorudi kutoka Roma mwaka 1816 zilikuwa 847. Cpg 848 je? Hiyo ni Codex Manesse, kitabu cha mashairi chenye picha 137 za washairi, ambacho kilikuwa Paris na kikarejea 1888 kwa kubadilishana na hati 166 za Ufaransa zilizokuwa zimeangukia mikononi mwa watu wa Uingereza. Hati za Kilatini kwa sehemu kubwa zimebaki Vatikani, lakini tangu 2012 nazo zimekuwa zikipigwa picha na kuunganishwa humu humu. Ukikuta Pal. lat., alama ya hati hizo za Kilatini, basi, angalia mstari unaotaja mmiliki kabla hujachapisha picha mahali popote, maana masharti ya Vatikani si yale ya Heidelberg.

Kosa linalorudiwa kila mara ni la kunukuu. Hati za mkono huhesabiwa kwa majani, si kwa kurasa: 6r ni uso wa mbele wa jani la 6, 6v ni mgongo wake. Namba iliyo kwenye anwani juu ya dirisha ni ya picha, nayo huhesabu jalada na majani matupu pia. Kaisari Heinrich wa Codex Manesse yuko 6r. Walther von der Vogelweide yuko 124r. Ukiandika namba ya picha, msomaji mwenye chapa nyingine hatafika.

Kwa karne ya 19, achana na hati uende kwenye ratiba za mihadhara. Humo ndimo unaona nani alifundisha nini, muhula kwa muhula. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, waliogundua elementi za seziamu mwaka 1860 na rubidiamu 1861 kwa kuchunguza rangi za mwanga wa miali, usiwatafute chini ya kitivo cha sayansi. Wamo katika falsafa, kwa kuwa Heidelberg haikuwa na kitivo cha sayansi na hisabati hadi 1890. Na kwa miaka ya Wanazi, linganisha mihula ya kabla ya Aprili 1933, wahadhiri walipoanza kufukuzwa kwa sheria, na ile iliyofuata. Mwanafalsafa Karl Jaspers aliondolewa 1937. Ratiba haitakuambia sababu. Utaona majina yamekoma tu, na maelezo utayatafuta kwenye vitabu vya baadaye, ambavyo vingi havimo humu kwa sababu haki za watunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo.

Utafutaji ndani ya maandishi ndio udhaifu mkubwa. Vitabu vya herufi za Fraktur, chapa ya zamani ya Kijerumani, vilisomwa na mashine, na s ndefu ya Fraktur inafanana na f, hivyo neno lenye s mbili katikati linaweza kusomwa lina f mbili. Jaribu kipande cha neno kisicho na s, au andika yote mawili. Kwa kupakua, PDF ya hati nzima yenye picha ni nzito mno kwa intaneti dhaifu. Chukua picha ya jani moja moja, na uhifadhi kiungo cha kudumu kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu badala ya kunakili anwani ya dirisha.